Mkakati wa Kumrejesha Ndugu B.

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku ya kukumbukwa! Leo asubuhi nimeitwa ofisini kwa Mchungaji. Suti ya mahafali. Viatu nimeving'arisha mpaka nikajiona sura. Moyo ukinidunda kama wa mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

Ofisi yenyewe ni ndogo. Meza yenye kioo juu, feni inayozunguka kwa kusitasita, majoho ya kwaya yananing'inia nyuma ya mlango. Nilitarajia kuwa peke yangu. Nikamkuta Mfamasia ameshaketi! Kijana wa rika langu, anauza dawa, anapiga kinanda kanisani, ana tabasamu la kupendeza kupita kiasi kwa mtu anayejiita mnyenyekevu. Akainuka, akanipisha kiti chake. Mbinu ya wazi kabisa. Nikakikalia.

Mchungaji akatueleza. Kanisa linahitaji mratibu wa kuwatembelea ndugu walioadimika. Si wageni hao. Ni watu wetu, waliokaa nasi miaka, wakakosekana Jumapili moja, kisha nyingine, kisha sisi tukazoea. Alipofika kwenye "tukazoea" akawa anapangusa kioo cha meza ambacho hakikuwa na vumbi. Akasema hataki twende kuwashtaki wala kuwahubiria. Tukawasalimie. Tukae nao. Wajue tumewakumbuka. Juma hili tutaanza sote wawili, kisha ataona nani anaifaa kazi hiyo.

Nikauliza kama mratibu atakuwa na ofisi. Mchungaji akajibu kwamba atakuwa na miguu. Jibu lenye kina! Nitalitafakari.

Nimeanza kazi papo hapo, kwenye meza ya chakula ya mama mdogo. Yeye na baba mdogo ndio wanaonihifadhi tangu nilipohitimu Shahada ya Utawala na Mawasiliano, wakati ajira zikiendelea kujikusanya zije kwa mkupuo. Kichwa cha habari: "Mkakati Jumuishi wa Kuwarejesha Ndugu Walioadimika, Awamu ya Kwanza." Mama mdogo akauliza mkakati ndio mnyama gani. Nikamfafanulia kwa mapana na marefu. Akasema amesikia, ila huyo mnyama ahame mezani, watu wanataka kula.

Baba mdogo alikuwa amelala chumba cha pili. Ni dereva wa gari la mikate: anasambaza usiku, analala mchana. Mkoromo wake unatikisa vijiko vikombeni. Nikaufunga mlango ili usivuruge mkakati.

Namshukuru Mungu kwa fursa hii. Namshukuru hata kwa Mfamasia. Mshindi lazima apate wa kumshinda.

Jumanne, 7 Oktoba

Ziara ya kwanza: Msusi. Zamani aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya; sasa Jumapili anasuka wateja. Saluni yake ni chumba kimoja chenye vioo pande zote, kiasi kwamba nilipoingia niliingia mara nne. Nikapendeza zote.

Nikasimama katikati, kati ya beseni la kuoshea nywele na kapu la vitana, nikatoa hotuba ya utangulizi. Usuli, dhima, matarajio. Mama mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, asiyesikia kitu, akapaza sauti akiuliza huyu kijana anauza nini. Msusi akamjibu kwa sauti kubwa zaidi kwamba nauza kanisa. Yule mama akasema aambiwe basi, yeye ana la kwake, tena halijaisha. Vicheko! Saluni nzima! Nikacheka nao, kitaalamu.

Kisha pigo. Msusi akaniambia kwamba Mfamasia alishapita asubuhi. Nikauliza alikuja na nini. Hakuja na kitu. Alikaa kwenye kigoda, akauliza hali ya mguu wa mama yake Msusi, akamshikia nyuzi za nywele za bandia wakati anasuka, akaondoka. Hakutaja kanisa hata mara moja! Nikamhurumia kijana wa watu. Ameshindwa kabisa kuwasilisha ujumbe.

Nilipokuwa nafunga mkoba, Msusi akanipiga jicho kupitia kioo, akasema:

"We msomi, unazunguka mji mzima na kiatu chako cha kung'aa. Baba yako mdogo je? Anakaa benchi gani siku hizi?"

Nikamwambia baba mdogo hajaadimika. Ana ratiba tu. Akasema haya, bwana ratiba, ukifika nyumbani umuulize mama.

Nikamuuliza. Mama mdogo alikuwa jikoni, anachambua maharage kwenye sinia. Hakuinua macho. Akanisimulia mambo ambayo sikuyajua, kwa kuwa yalitokea nilipokuwa chuoni.

Jumapili moja baba mdogo alitoka kazini akapitiliza kanisani, na sare yake ya kazi, hajafumba jicho tangu jana yake. Alisinzia katikati ya mahubiri. Akakoroma. Mchungaji, mtu wa utani, akasema kwenye kipaza sauti: "Wapendwa, kwaya yetu imepata besi mpya, tena hahitaji hata mazoezi!" Kanisa likavunjika mbavu. Baba mdogo akashtuka usingizini, akakuta nyuso zote zimemgeukia, zinacheka. Akatabasamu naye. Wakarudi nyumbani, akatundika koti. Tangu siku ile kila Jumapili anamwambia mama mdogo, nenda tu mama, utanisalimia watu.

Mama mdogo akatupa jiwe dogo dirishani. Akasema linalomuuma si Mchungaji. Ni kwamba yeye mwenyewe siku ile alicheka. Hataki zawadi, hataki gauni, hataki safari. Anamtaka mzee wake akae tena pembeni yake, basi. Hata akilala.

Sina haya kuandika kwamba machozi yalinilengalenga. Mwanamke huyu hunipa supu kwanza kabla hajajipa mwenyewe. Nitamrudishia mumewe! Na papo hapo, kupitia machozi, nikaona jambo lingine kwa uwazi mkubwa: hakuna ushuhuda wa kuzindulia Mkakati utakaoupita huu.

Jumatano, 8 Oktoba

Utekelezaji.

Fikra yangu ilikuwa hii: moyo ulioondoka kwa kelele za kanisa urejeshwe kwa nyimbo za kanisa. Nikawashawishi wanakwaya wanne waje chini ya dirisha la baba mdogo saa nne asubuhi. Niliichagua saa hiyo kwa makusudi. Ndipo huwa amelala fofofo, na nafsi haina kinga.

Wakaimba ubeti wa kwanza. Taratibu, kwa hisia. Hakuna kitu. Nikawaashiria wapandishe. Ubeti wa pili ulipasua anga. Kuku wa jirani wakatawanyika. Dirisha likafunguka, likafungwa. Kisha mlango, na baba mdogo akatokea amejifunga shuka, ndala mguu mmoja, macho mekundu kama nyanya. Akawatazama wanakwaya mmoja mmoja. Akavua kofia ambayo hakuwa ameivaa. Akauliza kwa upole ni nani amefariki.

Nikaharakisha kumwambia hakuna aliyefariki, huu ni upendo. Akasema ahsante. Akaingia ndani, akarudi na mikate miwili, akawapa, akawaambia wanaimba vizuri sana, Mungu awabariki, na yeye kwa idhini yao angependa kwenda kumalizia pale alipoishia.

Mama mdogo alitoka jikoni. Alichukua ufagio akaanza kufagia ua, kuanzia viatuni pangu, mpaka nikajikuta niko barabarani pamoja na kwaya. Wanakwaya walikula mkate wakatangaza kwamba huduma imefana, wanauliza lini tena. Jirani mmoja akaja na uso wa huzuni, akanishika mkono kwa mikono miwili, akanipa pole. Nikaipokea. Haikuwa na mwenyewe.

Tathmini: mafanikio ya awali. Mlengwa alisikia wimbo. Mlengwa alisema ahsante. Kwa lugha ya taaluma, hayo ni matokeo.

Jioni, kabla hajaondoka kwenda kazini, baba mdogo alinikuta sebuleni nimeinamia karatasi. Akaniwekea mkate mezani. Akasema, "Profesa, kula. Akili nayo inataka unga." Halafu akaenda zake. Wala hakunisema. Mtu mwema mno. Lazima aokolewe haraka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Taarifa ya maendeleo kwa Mchungaji. Mfamasia alitangulia kuongea: amewaona watu kadhaa, wengine wamemwambia hawajui kama watarudi, naye amewaambia hata wasiporudi atapita tena. Basi. Hana vichwa vya habari, hana hitimisho! Nilimwonea aibu.

Zamu yangu. Nikasimama. Nikafungua uchunguzi kifani. Kwa kuzingatia maadili ya utafiti nilificha utambulisho wa mhusika. Nilimwita "Ndugu B., dereva wa gari la mikate, mume wa mama yangu mdogo." Nikaeleza tukio la mkoromo hatua kwa hatua. Kwa kuwa mimi ni mtu wa usahihi, nikaurudia utani wenyewe neno kwa neno, na ile sauti ya kuvuta mwishoni. Nikamalizia kwa kusema kwamba chanzo cha tatizo ni msemaji fulani asiye na stadi za mawasiliano kwa umma.

Feni ikasitasita, ikaendelea.

Mfamasia alikuwa anakagua kamba za viatu vyake. Mchungaji alivua miwani, akaiweka juu ya kioo, akafumba macho kwa vidole viwili. Nikadhani uwasilishaji umemgusa. Kwa sauti ya chini akaniuliza, huyo mzee aliacha kuja kwa sababu hiyo? Nikasema ndiyo, matokeo yako bayana. Akasema siku zote alidhani ni kazi. Alimwona mke anakuja peke yake, akadhani ni kazi. Akarudia hivyo, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni na anajua amezipoteza.

Kisha akaniuliza baba mdogo huwa anaamka saa ngapi.

Nikaelewa mara moja! Anataka kuja nyumbani kwetu. Kunihoji! Mbele ya walezi, kama inavyofanyika kwa nafasi nyeti. Nikamwambia saa kumi alasiri mtu yeyote nyumbani atakuwa ameamka, na mimi nitakuwa nimevaa.

Mlangoni Mfamasia akanishika bega, akaniambia, "Kaka, leo umefanya jambo kubwa kuliko unavyojua." Nilimsamehe kwa wivu wake. Nami najua kabisa ukubwa wake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Amekuja! Saa kumi na dakika chache, kwa miguu, bila hata mkoba. Nilikuwa sebuleni tangu saa nane: suti, vyeti vitatu mezani kwa mpangilio wa kupanda, maji kwenye glasi.

Akanisalimia dirishani, akapitiliza uani.

Baba mdogo alikuwa anasugua kreti za mikate kwa brashi na sabuni, suruali ameikunja hadi magotini. Alipomwona Mchungaji akasimama wima, povu likimtiririka mikononi. Wakasalimiana kwa viwiko. Mchungaji akakunja mikono ya shati, akachukua brashi ya pili, akachuchumaa, akavuta kreti.

Nikaona lazima niwaokoe na ukimya ule. Nikatoa viti viwili. Nikatoa na meza ndogo. Nikarudi na Mkakati. Nilikuwa nimeshasoma aya ya kwanza, nimekaa katikati yao, pale mama mdogo aliponiita akaniambia niende dukani nikalete sukari. Nikamkumbusha kwamba kopo limejaa. Nililijaza mwenyewe jana. Akanitazama.

Nikaenda dukani.

Mwenye duka alinicheleweshea chenji kwa makusudi, nashuku ni mtu wa Mfamasia. Niliporudi nikasimama nyuma ya kamba ya nguo, kati ya mashuka, sukari mkononi. Si kusikiliza. Kupumua. Mchungaji alikuwa amekalia kreti iliyogeuzwa, shati limelowa kifuani. Alikuwa anasema:

"Mzee wangu, umetoka kuwalisha watu wa mji huu wote, ukaja nyumbani kwa Mungu kupumzika, mimi nikakufanya kichekesho. Nimekukosea. Tena nikakaa kimya muda wote huu. Nisamehe."

Baba mdogo alisugua kona ya kreti kwa muda. Akasema, Mchungaji, lakini ni kweli nakoroma. Mchungaji akasema anajua. Baba mdogo akasema siku ile alikuwa hoi, angeweza kwenda kitandani moja kwa moja, ila hakutaka mama akae peke yake. Ndilo lililomuuma. Alikuja kwa ajili ya mama, halafu akamwaibisha mama mbele za watu.

Mama mdogo alikuwa mlangoni. Akafunika mdomo kwa upande wa kanga, akasema, "Mimi? Uniaibishe mimi? Wewe mwanaume una wazimu?" Na akashuka ngazi ya jikoni akaja akamnyang'anya ile brashi, sijui ya nini, maana hakuifanyia kazi yoyote. Aliishika tu.

Mimi nyuma ya shuka kikohozi kilinibana. Ni sabuni ya unga, bila shaka.

Kisha sijui nani alianza, wakacheka wote watatu, kicheko cha watu waliobeba mzigo mzito na kuutua kwa wakati mmoja. Niliona hapo ndipo panahitaji muhtasari. Nikajitokeza. Nikasema kwa niaba ya pande zote ningependa kuainisha mambo matatu. Mchungaji akaniomba nishike mpira wa maji. Nikaushika. Tukasuuza kreti zote.

Hakunihoji hata swali moja. Mbinu ya kisasa! Wanakutazama ukifanya kazi bila wewe kujua.

Ahsante Mungu kwa jioni hii. Na kwa maji, na kwa kreti. Hata kwa sukari, ambayo sasa tunayo makopo mawili.

Jumamosi, 11 Oktoba

Baba mdogo ameuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, kama lile koti lake bado lipo. Mama mdogo amelipiga pasi. Akalitundika, akalitazama, akalishusha, akalipiga pasi tena. Anaimba jikoni. Sijawahi kumsikia akiimba jikoni.

Mchana aliniita akafunga mlango. Akanikalisha. Alijua kesho ni zamu yangu ya kusoma matangazo. Akaniomba kitu kimoja tu, na aliniomba akiwa amenishika mikono yote miwili, kama alivyonishika siku niliyokwenda chuo.

"Mwanangu, kesho muache aingie kama mtu wa kawaida. Akae, aondoke. Ukimsimamisha watu wamgeukie tena, hatarudi maisha yake yote. Mimi namjua. Umenisikia, baba?"

Nikasema nimemsikia. Nikaahidi kutomtaja jina. Neno langu ni neno langu. Mengine hakuyataja.

Nikaenda kanisani na bango langu. Kitambaa cha mita kadhaa, herufi nyekundu: KARIBUNI TENA MLIOPOTEA. Nikapanda ngazi nilitundike juu ya lango. Mfamasia akatokea kutoka kwenye mazoezi ya kinanda, akanishikia ngazi isiteleze. Akalisoma bango. Akaniuliza kiungwana kama ningekuwa mimi ndiye niliyepotea, ningepita chini ya maneno yale? Nikamjibu ningepita kifua mbele na ningeomba kupigwa picha. Akatafakari, akasema ananiamini kabisa.

Kijana msikivu. Nikiteuliwa nitamfanya msaidizi wangu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nitajaribu kuandika kwa utulivu. Siwezi!

Nilifika mapema. Bango halipo. Mfamasia amelikunja vizuri akaliweka stoo, asema asubuhi kuna vumbi litalichafua. Nilimshukuru kwa kujali mali ya kanisa.

Watu wakaanza kuingia. Msusi! Kiti cha tatu kutoka nyuma, na mama yake mwenye mguu. Nikamwinamia kwa heshima kama mtu anayepokea pongezi. Akaniambia nipishe njia, mama apite.

Kisha gari la mikate likasimama nje. Baba mdogo akashuka, koti mwilini, mkunjo wa pasi ungeweza kukata mkate. Mama mdogo pembeni yake. Wakakaa benchi la mwisho kabisa, ukutani. Mkoba wa mama mdogo, ambao Jumapili zote nimeuona ukikaa peke yake kwenye nafasi ya jirani kama mtu, leo ulikuwa mapajani. Wakasalimiana na waliokuwa mbele yao. Hakuna aliyeshangaa. Hakuna aliyeuliza ulikuwa wapi. Mzee mmoja wa kanisa akamsogezea kitabu cha nyimbo, kikiwa kimefunguliwa ukurasa wenyewe, bila kugeuka.

Matangazo. Zamu yangu. Nikapanda na hotuba yenye sehemu tatu. Nikashika kipaza sauti. Nikasema: "Wapendwa, simtaji jina. Lakini leo katikati yetu yupo Ndugu B., dereva wa gari la..."

Umeme ukakatika! Kipaza sauti kikafa mkononi mwangu. Feni ziliendelea kuzunguka na taa zilibaki zinawaka, jambo la kifundi ambalo bado silielewi. Sikukata tamaa. Niliendelea kwa sauti ya kifua, lakini Mfamasia naye, kwa kutokuelewa, akagonga kinanda wimbo wa kuitikia, na kwaya ikasimama, na kanisa lote likaimba. Nilimaliza sehemu zote tatu katikati ya wimbo. Naamini waliokaa karibu walinufaika.

Niliposhuka nilimwona mama mdogo kule nyuma, karibu na mashine ya sauti, ameshika plagi mkononi. Alikuwa ameshaanza kushughulikia hitilafu! Mwanamke jasiri, hajasomea umeme hata kidogo.

Mahubiri. Mchungaji alikuwa hajafika mbali pale baba mdogo alipoegemea ukuta. Kichwa kikaanza kushuka. Kikashuka begani kwa mama mdogo. Kikatulia. Na mkoromo ukaanza, mdogo kwanza, kisha ule tunaoujua nyumbani.

Mchungaji akasita.

Sijawahi kusikia watu wengi namna ile wakinyamaza kwa pamoja. Hakuna shingo iliyogeuka. Msusi alikuwa anatazama magoti yake. Mama mdogo alikuwa anatazama mbele, mgongo umenyooka, kidevu juu, mkono mmoja kwenye shavu la mzee wake kama anayezuia kitu kisianguke.

Mchungaji akakisogeza kipaza sauti pembeni. Akaendelea kuhubiri. Kwa sauti ya chini, kama mtu anavyoongea katika chumba alicholala mgonjwa aliyeanza kupata nafuu. Tukasogea mbele kwenye viti ili tumsikie. Watoto wenyewe wakatulia. Nimesikiliza mahubiri mengi maishani. Haya ndiyo pekee ambayo nimeyasikia yote.

Nililia. Naandika wazi. Nililia leso ikalowa, na jirani yangu akanipa ya kwake.

Nje, baada ya baraka, baba mdogo alimpa Mchungaji mkono. Akamwambia mwanzo ameusikia, mwisho ameusikia, ya katikati atasimuliwa na mama njiani. Mchungaji akasema ya katikati yalikuwa mazuri kidogo. Baba mdogo akasema basi Jumapili ijayo atajitahidi alale mwanzoni.

Jumapili ijayo! Mama mdogo aliyasikia. Aligeuka upande wa gari la mikate akawa anafuta kioo chake kwa kiganja, anafuta, anafuta, kioo kisafi kabisa.

Ee Mungu, ahsante. Sina maneno, mimi!

Jumatatu, 13 Oktoba

Uteuzi umetoka. Mfamasia ndiye mratibu.

Nimeupokea kwa ukomavu. Mchungaji alinieleza kwa upendo mwingi kwamba lile nililolisema Alhamisi lilimfungua macho, kwamba hatalisahau, na kwamba ameniwekea jukumu la kunifaa: kupanga viti na kupokea watu langoni. Bila kipaza sauti. Alilirudia hilo la kipaza sauti. Mfamasia akanikumbatia, akasema tutakwenda pamoja kuwaona watu, nikubali tu kukaa kwenye kigoda. Nimekubali. Ni dhahiri nimeombwa kumsimamia kwa siri.

Kwa upande wa matokeo, ukweli hauna ubishi. Kwaya dirishani, uchunguzi kifani, bango (hata likiwa stoo lilifanya kazi), hotuba ya sehemu tatu: hatua baada ya hatua, kisayansi, mpaka Ndugu B. akarudi. Mkakati umefaulu kwa asilimia zote. Najivunia zaidi ile sehemu ya tatu ya hotuba.

Leo wakati wa chakula mama mdogo alinipakulia mara mbili na hakunisema chochote. Baba mdogo, kabla hajaenda kulala, alimwambia amsimulie tena ya katikati. Akamsimulia. Akafurahi, akasikitika kidogo kwamba hakuyasikia mwenyewe.

Masikitiko hayo hayakunipita! Nani aliye karibu naye kunizidi? Nimekwenda mjini na nimerudi. Nimemnunulia saa ya mezani, ya chuma, yenye kengele mbili juu. Nimeijaribu uani, jirani amekuja tena kutoa pole. Jumapili nitaiweka chini ya benchi la mwisho, ukutani, nimeshaitega ilie katikati kabisa ya mahubiri, watu wote wageuke wamwone ameamka, wampigie makofi.

Mama mdogo sijamwambia. Nataka nimwone uso.